Jina la Baba Mkwe

Kwetu mwanamke aliyeolewa hamtaji baba mkwe wake kwa jina. Hamtaji akiwapo, hamtaji akiwa safarini, na akifa ndiyo kabisa. Si sheria ya serikali wala sikuisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Ni adabu tu, ya aina ile ambayo ukiivunja hakuna atakayekupiga, lakini mtaa mzima utajua mama yako hakukufunza. Na ukikutana na mtu mwingine mwenye jina hilo hilo, naye humtaji. Unatafuta pa kumzungukia. Kwangu mimi, mwenye jina moja na baba mkwe alikuwa bwana mmoja wa mtaani mwenye mashine ya kusaga, na tangu nilipoingia mji ule nikiwa bibi harusi nilimwita Mwenye Mashine, naye akaitika.

Mama mkwe wangu naye hakuwahi kumtaja mumewe. Alipokuwa hai alimwita "huyu", alipomzika akaanza kumwita "yule". Lakini Mwenye Mashine, kwa kuwa ni wajina wa marehemu, alimwita "mume wangu". Ndiyo desturi ya wajina, na watu wanaipenda kwa sababu ina utani ndani yake. Siku ya Idi yule bwana alifika barazani, akakohoa, akasema, "Mke wangu, leo umenipikia nini?" na mama mkwe, mtu asiyecheka hovyo, alicheka mpaka akashika mbavu. Sahani yake ya pilau ilitoka kabla ya sahani za wajukuu. Nayasema haya mapema ili ijulikane nilikuwa nashindana na nani.

Nilikaa nyumba ya mama mkwe, mimi na wanangu wawili. Baba mkwe alikufa kwa maradhi kabla ya vita. Mume wangu vita vilimchukua. Sisi wengine tulikimbilia Pemba, ule mji wa kusini yetu, si kisiwa, tukakaa kwenye hema, tukarudi, tukakuta kuta zipo na bati hazipo. Bati mpya alizinunua mama mkwe. Nyumba ni yake, kiwanja ni chake, na mjane akikaa kwa mkwewe anakaa kwa sababu mkwewe hajamwambia aondoke. Upande wangu amebaki shangazi mmoja kisiwani Macaloe, ana chumba kimoja na mguu mbovu. Nikifukuzwa sikuwa na pa kwenda na watoto.

Siku yenyewe ilikuwa mchana. Naitaja saa kwa sababu karibu kila niliyemweleza aliniuliza kwanza, "Usiku ulikuwa unatafuta nini huko?" Nilikwenda kusaga mahindi. Sikuwa peke yangu kwenye foleni, ila wenzangu walimaliza wakaondoka, nikabaki wa mwisho. Mwenye Mashine akaniambia ndoo yangu iko stoo, niingie niichukue. Akaingia nyuma yangu akafunga mlango. Nilipiga kelele. Ile mashine ikiwaka hata adhana huisikii, na aliiacha inawaka. Alinibaka. Alipomaliza alifungua mlango, akanipa ndoo yangu ya unga, akasema, "Msalimie mke wangu."

Unga ulikuwa umesagwa vizuri. Niliubeba mpaka nyumbani, nikakoga, nikakoga tena josho kamili, nikapika ugali. Mama mkwe akala, akasema, "Leo mume wangu kasaga unga laini." Nikasema ndiyo, mama. Nilitamani kuchukua ule mwiko nikapasue kila chungu mle ndani. Badala yake nikawaongezea watoto mchuzi.

Sasa, kule Pemba kwenye mahema walikuwa wakija akina dada wenye vizibao, wanatukalisha chini ya turubai na kutueleza mambo. Siku moja walituambia mwanamke akibakwa akimbilie hospitali kabla siku tatu hazijapita, kwa sababu kuna vidonge vya kuzuia virusi na vya kuzuia mimba, na asikoge kwanza. Sisi tulicheka. Mwenzetu mmoja aliuliza kama hawana na vidonge vya kutuliza waume. Mimi nilicheka kuliko wote. Vidonge nilivikumbuka. La kutokoga nililikumbuka nilipokwisha kukoga.

Asubuhi ya pili nilimwambia mama mkwe tumbo linaniuma, nikaenda hospitali. Nesi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya kugombeza hata anapokusalimu. Nilimwambia tumbo. Akanitazama. Akaniuliza tumbo limeanzaje. Nikamwambia limeanzia kwenye mashine ya kusaga. Akainuka, akafunga mlango, akavuta kiti akakaa karibu yangu, si upande ule wa meza.

"Umekoga?" akauliza.

"Nimekoga. Ningeswali vipi bila kukoga?"

"Sawa," akasema. "Ndivyo tulivyolelewa. Tutafanya kinachowezekana."

Nilikuwa nimejitayarisha kugombezwa. Nilikuwa na majibu yangu yote: kwamba nilijitanda, kwamba nilikwenda mchana, kwamba sikucheka naye. Sikuyatumia hata moja. Alinipima, akaniambia kila anachotaka kukifanya kabla hajakifanya, akanipa vidonge vya kumeza papo hapo na vingine vya mwezi mzima. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kugombeza, "Nisikilize wewe. Kosa si lako. Hata chembe." Hapo ndipo nilipolia. Jana yake sikulia, nilikuwa na kazi nyingi.

Akaniuliza kama nataka kwenda polisi. Akasema dawa nitapewa nikienda nisiende, na uamuzi ni wangu. Nikamwambia nataka. Nilijishangaa mwenyewe. Kilichonisukuma si ushujaa, ni lile neno "msalimie". Nilikuwa na hasira nalo mpaka meno yanauma.

Nesi alinisindikiza mpaka kituoni, akamkabidhi mkuu wa zamu karatasi ya hospitali, akarudi kwa wagonjwa wake. Mkuu wa zamu alikuwa mtu wa kusini kabisa, anasema Kireno, lugha ya serikali, peke yake. Kireno changu mimi ni cha shule ya msingi, cha kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Kwa hiyo akaitwa askari mwingine atafsiri, kijana wa Kimakonde wa kutoka juu huko bara, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Akaniita mama, akanipa kiti. Tuliendelea vyema. Wapi, lini, alifanya nini. Nilisema yote, hata yale ambayo sikudhani kinywa changu kingeyaweza. Halafu mkuu akauliza jina la mtu.

Nikatazama kalamu yake.

"Jina lake, mama," askari akasema.

"Silitaji. Ni jina la baba mkwe wangu."

Mkuu alipotafsiriwa aliweka kalamu chini. Akauliza jina la baba mkwe ni nani. Askari akamweleza kwamba hilo ndilo lisilotajika. Mkuu akauliza kama ninaogopa. Nikasema siogopi, nina adabu. Nasikia neno hilo lina tafsiri yake katika Kireno, lakini alivyonitazama nadhani halikufika.

Askari yule, na Mungu amlipe kwa nia yake, alikuwa na adabu kuliko mimi. Kwao milimani nako wakwe hawatajwi ovyo. Hakutaka kunikamua. Akaniuliza taratibu kama nina karatasi yoyote ya mume wangu. Ninayo. Kitambulisho cha mume wangu natembea nacho, nimekifunga kwenye nailoni tangu tulipokimbia. Nyuma yake pameandikwa jina la baba yake. Askari akakigeuza, akasoma, akatikisa kichwa kama mtu aliyefumbua jambo, akamsomea mkuu, mkuu akaandika. Wote tukashusha pumzi.

Mwisho mkuu alinisomea maelezo yangu kwa Kireno, haraka haraka. Nilishika moja na kukosa matatu. Lakini jina la baba mkwe nililisikia likisomwa waziwazi, lote, yeye na baba yake na babu yake, na niliposikia nikafanya nilichofunzwa: niliinamisha kichwa na kuvuta leso usoni mpaka lipite. Lilipopita nikaweka sahihi.

Siku chache baadaye nilikuwa uani nafua. Mama mkwe alikuwa barazani na ungo wa mchele, anachagua mawe. Akaja katibu wa mtaa na karatasi mkononi. Hakukaa. Alisimama anaigeuzageuza.

"Karatasi gani hiyo?" mama mkwe akauliza.

"Notifikasau, bibi. Ya polisi. Inamwita mzee."

"Mzee gani?"

Katibu akasoma jina. Sisi wawili tukainamisha vichwa, kila mmoja kwa adabu yake.

"Inamwita wapi?"

"Kituoni. Alhamisi saa mbili asubuhi. Aje na kitambulisho."

Mama mkwe akaokota jiwe moja kwenye mchele, akalitupa. "Wewe si ulikuwamo kwenye waliombeba?"

"Nilikuwamo, bibi."

"Na shimo ulichimba."

"Nilichimba. Mimi nimetumwa tu."

"Basi unapajua alipo, mpelekee." Kisha akauliza, "Amefanya nini?"

Katibu alisoma kimoyomoyo. Nilimwona anafika mahali, anarudi nyuma, anasoma tena. "Inasema amebaka," akasema.

"Amembaka nani?"

Akasoma jina langu. Lote. Halafu akanitazama kule uani nilikokuwa, mikono imejaa povu, akakumbuka ana shughuli upande wa sokoni.

Sikuwa nimepanga kumwambia. Nilipanga nimeze vidonge vyangu, polisi wafanye kazi yao, na yeye asikie mwisho kabisa, pengine asisikie. Sasa nilijifuta mikono nikaenda nikakaa kwenye ngazi, chini yake.

"Si baba," nikasema. "Wamekosea kuandika. Ni wajina wake."

Hakuinua macho. Mchele ulikuwa mwingi, na aliumaliza wote. Mpaka leo sijui kitu kirefu kama mchele ule.

"Lini?"

"Siku ya ule unga laini."

"Ule tuliokula?"

"Ndiyo, mama."

Akaweka ungo pembeni, akaingia ndani. Nikamsikia anatia udhu. Wakati wa sala ulikuwa bado. Alipotoka alisema, "Alhamisi tutakwenda. Mtu wa nyumba hii ameitwa, na hawezi kwenda. Lile neno halitalala juu ya mume wangu."

Juu yangu hakusema kitu. Siku zote zile mpaka Alhamisi hakusema kitu. Alikula nilichopika, aliitika nilipomwamkia, basi. Nilianza kuwaza jinsi ya kumwambia shangazi wa Macaloe kwamba tunakuja watatu. Niliumia, na niliona haya kwamba nimeumia kwa sababu ya kununiwa kuliko kwa sababu ya stoo. Lakini stoo ilikwisha kutokea. Nyumba ilikuwa bado inawezekana kuipoteza.

Alhamisi mama mkwe alivaa doti mpya, akapaka usoni msiro, ule urembo mweupe, kama mtu anayekwenda harusini, na tulipofika kituoni akavuta kiti mbele ya mkuu kabla hajakaribishwa. "Nimekuja kwa niaba ya mume wangu," akasema. Askari akatafsiri. Mkuu akauliza yeye mwenyewe yuko wapi.

"Amekufa."

Mkuu akaitazama karatasi. Akauliza amekufa baada ya tendo au kabla.

"Kabla ya vita," mama mkwe akasema. "Tangu siku hiyo hajatoka."

Yule askari wa Kimakonde alianza kulowa jasho. Alimweleza mkuu, kwa maneno mengi, na mkuu akamsikiliza huku amejishika paji la uso. Hakugomba. Alikuwa mtu aliyechoka tu, mbali na kwao, katika mji ambao walalamikaji hawasemi na washtakiwa hawafi vizuri. Akaniuliza tena, polepole, mtu ni nani. Askari akapendekeza ataje yeye majina ya wanaume wa mjini, mimi nitikise kichwa. Mkuu akakataa. Akasema mara ya kwanza walinisaidia na matokeo yake ndiyo haya, na wakili yeyote atasema jina nimetiwa kinywani. Litoke kwangu mwenyewe.

Nikafungua kinywa. Nikakifunga. Mnaweza kucheka. Nilikuwa nimekwisha kumweleza mwanamume nisiyemjua mambo ya stoo mstari kwa mstari, na sasa nimekwama kwenye jina ambalo watoto wa shule huitana nalo njiani. Ulimi ulikataa. Nikamtazama mama mkwe. Yeye alikuwa anatazama ukuta.

"Ukilitaja," akasema bila kugeuka, "utaje na la baba yake, na mahali anapofanya kazi. Wasije wakanichanganyia tena."

Nikalitaja. Mama mkwe akavuta leso akafunika uso wote. Lilikuwa limetoka dogo, mkuu hakusikia, akasema nirudie. Nikarudia, na la baba yake, na mashine, na njia ya kwendea. Mara ya pili lilikuwa jepesi, na wepesi ule uliniuma kuliko uzito wa mara ya kwanza. Mkuu akapiga mstari juu ya jina la marehemu, akaandika pembeni kwamba limefutwa, mama mkwe akatia dole gumba. Tukarudi nyumbani. Mimi nilitembea nyuma.

Jioni ile walimchukua Mwenye Mashine. Mashine ikafungwa. Hapo ndipo mtaa ulipoanza kunichukia kwa dhati, maana sasa ilibidi kubeba mahindi mpaka upande wa pili wa mji. Wanawake waliokuwa wakinikopa chumvi walipita mlangoni wakisema kwa sauti, si na mimi, ila na hewa, kwamba shingo zinawauma. Mmoja tu alisimama. Aliangalia huku na huku, akaniambia, "Mimi stoo ile niliiogopa siku nyingi," akaenda zake. Nesi kila nilipokwenda kupimwa aliniuliza kama ninalala. Nilimwambia silali. Akanikutanisha na akina mama wengine watano wanaokaa naye ukumbini siku za Jumanne, na hao nitakuja kuwasemea vizuri siku yake, kwa leo niseme tu kwamba kwao sikuulizwa usiku nilikuwa natafuta nini.

Ijumaa baada ya sala wakaja wazee watatu wa upande wa Mwenye Mashine. Walivaa kanzu zilizopigwa pasi. Mama mkwe akawakalisha barazani akaniambia nichemshe chai, nikaichemsha, nikatia na iliki. Nilijua wamekujia nini na nilijua wamemjia nani. Niliposimama nyuma ya pazia la mlango na sinia, mkubwa wao alikuwa amekwisha kusema ya salamu na ya mvua.

"Bibi, jambo limeingiliwa na shetani," akasema. "Tusimpe shetani na serikali. Tulimalize nyumbani. Mkweo akaiondoe ile kesi, na huyu bwana yuko tayari kumwoa, amsitiri. Atakuwa na mume, watoto watakuwa na baba. Tena ataendelea kubeba jina lile lile la nyumba hii."

Kuku walikuwa wanaparua chini ya ngazi.

"Na wewe mwenyewe ni mkewe," akaongeza mwingine, kwa kicheko kidogo cha utani. "Utamfunga mume wako?"

Nilifikiri atacheka. Nakiri hivyo. Miaka yote neno lile lilimchekesha.

"Mume wangu nilimzika," mama mkwe akasema. "Nilizaa naye watoto saba, na hata kwenye uchungu, wanawake wanapotukana mpaka wakunga, sikumtaja. Nilimwekea heshima hiyo mpaka kaburini. Sasa nitalitaja jina mbele yenu, mpate kujua vizuri ninamsema nani na simsemi nani."

Akalitaja. Kwa sauti ya kuitia mtu aliye shambani. Akalitaja na la baba yake, na mashine, mpaka watu waliokuwa wakipita njiani wakasimama.

"Huyo," akasema, "kambaka mwanangu, kisha akaniletea salamu. Kesi haitoki. Na mwanangu hatoki."

Mimi si mwanawe, nilikuja pale na sanduku kama wakwe wote. Nilishikilia sinia kwa mikono miwili. Wazee wakasimama mmoja mmoja, wakatafuta viatu vyao. Mama mkwe hakuwasindikiza. Walipofika njiani alinigeukia pale kwenye pazia, kana kwamba alijua tangu mwanzo kwamba nimesimama, akaniambia nilete ile chai kabla haijapoa. Tukainywa wenyewe.